Visiwa vya Uluguru

Zawadi aliposhuka kwenye bodaboda mbele ya kibaraza changu hapa Kiroka, akamwomba dereva amsaidie kushusha kiroba, nilijua ni mananasi. Watu wakitoka juu milimani huja na mananasi, au ndizi, au hata kisamvu cha kujipendekeza. Nikakifungua kiroba mbele yake, maana subira Mungu hakunijalia. Yalikuwa mawe.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Mawe ya nini haya? Hapa kwangu umeona yamepungua?"

Akacheka, akakaa kwenye ngazi. Huyu ni binti wa mdogo wangu, anasomea mambo ya miamba chuoni Dar es Salaam, shahada ya pili hiyo. Mimi nauza viungo, iliki na karafuu na pilipili manga, na shule niliishia darasa la saba, nadhani walimu walichoka na maswali yangu. Kwa hiyo sikumwacha hata anawe miguu. Nikaokota jiwe moja jeusi, zito kuliko ukubwa wake, nikamuuliza ni nini.

"Hilo lilikuwa uji wa moto. Limetoka kwenye volkano."

"Uluguru hakuna volkano. Volkano ziko huko kwa Wamasai."

"Sasa hivi hakuna, mama mkubwa. Zamani sana hapa palikuwa bahari, na ndani yake mstari wa visiwa, kila kisiwa mlima wa moto. Baadaye nchi mbili kubwa zikasogeleana, bahari ikaminywa mpaka ikaisha, visiwa vikabanwa katikati, vikakunjwa, vikapikwa huko chini. Sehemu ya hii milima ni mabaki yake."

Nikaitazama milima. Ilikuwa imejifunika wingu la alasiri, na mtu alikuwa anachoma majani shambani kwake, moshi unapanda. Miaka yote hiyo nimeipanda nikifuata iliki, na hakuna aliyewahi kuniambia nakanyaga visiwa.

"Na maji yalikwenda wapi?"

"Sakafu ya bahari ilikuwa inazama chini ya visiwa, inaingia na maji yake. Maji hayo yakifika kwenye joto ndiyo yanayoyeyusha mwamba, na huo uji ndio unaopanda kuwa volkano."

"Nani alikuwepo akaona?"

"Hakuna. Tunaonja." Akalichukua jiwe mkononi mwangu. "Maji yale hupanda na baadhi ya vitu, vingine huviacha chini. Kwa hiyo mwamba wa visiwa una ladha yake, hata upikwe mara ngapi. Wewe ukionja pilau, hujui kama mpishi kabania iliki?"

"Najua. Na mpishi mwenyewe namjua."

"Basi sisi mashine ndiyo inatuonjea. Na imeshasema kuwa hivi ni visiwa. Kilichobaki ni umri."

Umri nao akanieleza. Ndani ya jiwe mna punje ndogo ziitwazo zirkoni, huwezi kuziona kwa macho matupu. Punje ikizaliwa huwa na urani kidogo ndani yake, na ile urani hugeuka kuwa madini ya risasi, polepole, kwa mwendo usiobadilika. Ukipima kiasi kilichokwisha kugeuka unajua punje imezaliwa lini. Kisha akasema jambo lililonikaa kichwani. Kama visiwa vilizaliwa peke yao baharini, punje zote zitakuwa za umri wa visiwa. Ila kama chini yake kulikuwa na bara la zamani, uji wa moto ukipita hapo ungezoa na punje za bara hilo, na zingeonekana, vikongwe katikati ya watoto. Yeye aliamini visiwa vilikuwa peke yao. Alitaka kuthibitisha.

Tatizo ni kuwa ili uzipate punje, jiwe lazima lisagwe liwe mchanga, na mashine ya kusagia chuoni kwao ilikuwa imekufa. Kipuri kilikuwa njiani kutoka nje, na tunajua vipuri vya njiani. Huku maabara ya Afrika Kusini imempa zamu ambayo ikipita hapati nyingine mwaka ule.

"Ndiyo maana nimekuja kwako," akasema. "Naomba jiwe la kusagia."

Jiwe lile bibi yangu alimpa mama, mama akanipa mimi kwa kuwa ndimi binti mkubwa, na mimi nimezaa wanaume watupu, kwa hiyo mwisho litakuwa la Zawadi mwenyewe. Kwetu Waluguru ukoo hupita kwa mama. Mashamba yana wajomba wa kuyasemea, lakini jiwe la kusagia hakuna mjomba aliyewahi kulisemea. Wengi siku hizi hupeleka mahindi mashineni, ila mimi bizari na karanga sijawahi kuzisaga kwingine.

"Utasaga mawe juu ya jiwe langu?"

"Nitaliosha kabla na baada. Ila niambie kwanza, lilitoka wapi? Maana lenyewe nalo litaacha unga wake. Kama ni la hapa hapa halina neno, ni mwamba uleule."

"La hapa," nikamwambia. "Bibi aliliokota mtoni hapo chini. Sisi kila kitu chetu ni cha hapa."

Ndivyo nilivyoambiwa na mama, na mama alivyoambiwa na mama yake. Kaka yangu Luqmani, ambaye ndiye msemaji wa ukoo, hakuna kikao anachofungua bila kusema, "Sisi hatukuja. Wengine wote walikuja wakatukuta." Hata ugomvi wa mpaka wa shamba huumaliza kwa maneno hayo.

Wakati Zawadi anaoga nikamfanyia hisani. Jiwe la kusagia likitumika sana huwa laini, halisagi tena, linatelezesha tu, kwa hiyo huwa tunaligongagonga kwa jiwe jingine gumu mpaka lipate meno. Nikaligonga vizuri lote, kama ninavyofanya kabla ya sikukuu, mtoto asije akahangaika. Alipotoka bafuni akalikuta tayari, akanishukuru, akalimwagia maji, akalipiga brashi, akaanza. Akili yake yote ilikuwa kwenye mawe yake. Alivunja kwa nyundo, akasaga, akachekecha, akasuuza mchanga kwenye karai kama wachimba dhahabu, akapitisha sumaku. Mikono ilimtoka malengelenge. Mimi nilikaa pembeni nikimchambulia iliki na kumuuliza maswali, na nikiri sijawahi kufurahia wiki kama ile. Mchuzi wetu wa karanga ulikuwa na mchanga mpaka mwezi uliofuata.

Majibu yalikuja mvua za vuli zikiwa zimeanza. Zawadi alinipigia simu akipiga kelele hata nikadhani kafiwa.

"Mama mkubwa! Zipo! Vikongwe vipo!"

Karibu punje zote zilikuwa za umri mmoja, miaka milioni mia saba na ushee, kama alivyotegemea. Lakini nne zilikuwa na zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu. Mwalimu wake, Dokta Jesca, hakulala kwa furaha. Ladha inasema visiwa, umri wa punje unasema chini yake kulikuwa na bara kongwe ambalo hakuna aliyewahi kulidhania upande huu. Dokta akawaandikia wenzake wa Ulaya, na wale wakajibu haraka kuliko wanavyojibu siku zote: Zawadi akimaliza, kuna nafasi ya shahada ya udaktari, gharama zote juu yao, aje alitafute bara hilo. Nilipiga vigelegele peke yangu kibarazani hadi wapita njia wakauliza nani anaolewa.

Akaja kunisalimia kabla ya kuwasilisha kazi yake. Alikuwa amenenepa kwa furaha, macho yanawaka. Nikampa karanga asage, ili mkono usisahau, huku mimi naweka maji ya wali. Jiwe nilikuwa nimetoka kuligonga asubuhi ile. Nikasikia mlio wa kusaga umekatika. Nikangoja uendelee, haukuendelea.

Nilipotoka nilimkuta amesogeza karanga pembeni, ameinama, kioo chake cha kukuzia kimegusa jiwe na jicho limegusa kioo. Akatema mate kwenye kidole akapaka pale nilipogonga. Chini ya weusi wa mafuta na miaka, jiwe lilikuwa la rangi ya waridi.

"Mama mkubwa," akasema bila kuinua kichwa, "hili jiwe si la hapa."

"La hapa hilo. Bibi..."

"Hili ni granaiti. Huku kwetu kote nilikopita sijaona jiwe kama hili." Sasa akainua uso, na ile furaha yote ilikuwa imekwenda. "Siku ile nilipokuja. Ulikuwa umeligonga?"

"Nililigonga ndiyo. Nilikuandalia."

Akakaa chini kabisa, kwenye vumbi, na nguo zake za mjini. Sikuelewa mara moja. Akanieleza taratibu, kama mtu anayejieleza mwenyewe: nilipoligonga, punje za jiwe zililegea kwenye yale meno, brashi isizitoe zote, na alipokuwa anasaga zikachanganyika na za kwake. Zile nne huenda hazikutoka kwenye visiwa. Huenda zilitoka kwa bibi.

"Huenda," nikasema. "Huna hakika."

"Sina. Ili niwe na hakika napaswa kuvunja kipande cha jiwe, kipimwe chenyewe."

Nitasema nilichomwambia, kwa sababu ndicho nilichokiona moyoni wakati ule. Nilimwambia anyamaze. Nilimwambia siri ya jiwe hili tunaijua sisi wawili tu, kwamba ukoo wetu hauna mtu aliyepanda ndege kwenda kusoma, kwamba wazungu wana pesa za kupoteza na bara lao walitafute taratibu. Nilisema mengi. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe sikujua nimwelekeze nani, ila mimi na jiwe langu na hisani yangu.

Zawadi akanisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Watalitafuta kweli, mama mkubwa. Mimi nitalitafuta. Nitakwenda, nitapima, nitarudi, nitachimba, nitafundisha na wanafunzi wangu walitafute, maisha yangu yote. Na halipo." Akaweka kiganja juu ya jiwe. "Mimi nataka kujua. Nilianza haya kwa sababu nataka kujua."

Mficha uchi hazai, nikajiambia.

Luqmani alipopata habari alikuja mbio, kofia upande. Yeye habari ya nafasi ya Ulaya haikumshtua sana. Kilichomshtua ni nyundo.

"Jiwe la ukoo halivunjwi, dada. Na likivunjwa likasema kitu cha ajabu? Nitasimama vipi kwenye kikao?"

"Mjomba, jiwe litasema umri wake tu," Zawadi akajaribu.

"Umri wa kitu ndio mwanzo wa kesi," Luqmani akajibu, na hapo nilikubali kuwa kaka yangu si mjinga.

Wote wawili wakanigeukia. Shamba lingekuwa la Luqmani kulisemea. Hili halikuwa shamba. Niliwatazama, mmoja anaogopa jiwe litampokonya alichonacho, mwingine ana kila sababu ya kuamini litampokonya, na huyu wa pili ndiye anayeomba livunjwe. Nikamnyang'anya Zawadi nyundo, nikachagua pembe ambayo haisagi kitu, nikapiga. Lilikuwa gumu. Lilivunjika pigo la tatu au la nne, na kipande kikaruka hadi kwenye kapu la mdalasini. Luqmani akaenda zake bila kuaga.

Zawadi hakungoja majibu ndipo aseme. Alimweleza Dokta Jesca siku ileile aliyorudi Dar. Dokta akakasirika, akanyamaza siku kadhaa, kisha akamtafutia nafasi ya kupima kile kipande na wakaandika barua kwa wale wa Ulaya, wote wawili wakatia sahihi. Wale wakamsifu sana Zawadi kwa ukweli wake, na nafasi wakampa mwingine.

Shahada yake ya pili aliipata. Kazi yake inasema visiwa vya Uluguru vilizaliwa peke yao katikati ya bahari, bila bara chini yake, basi. Ni kweli, ni nzuri, na wenzake walipiga makofi ya kawaida.

Alirudi kwangu na majibu ya jiwe. Niliagiza Luqmani aitwe, akaja, akakaa mbali kidogo na mkeka kuonyesha kuwa bado ana kinyongo. Zawadi alikuwa amekonda. Alikuwa anaongea kwa utulivu, lakini kikombe cha chai alikishika kwa mikono miwili.

"Punje za jiwe la bibi ni sawasawa na zile nne. Umri uleule, ladha ileile. Hakuna shaka tena."

"Na jiwe lenyewe?" nikauliza. "Limetoka wapi?"

"Miamba ya namna hii iko Ugogo. Kuanzia Dodoma kuelekea Singida. Hapa haifiki, na mto wa kulileta haupo. Mito yetu yote inatoka mlimani inakwenda baharini. Lilibebwa na mtu."

Mimi ambaye maisha yangu yote nimemtania jirani yangu Mgogo, namwita mtu wa ukame, namuuliza kama kwao wameshawahi kuona mgomba! Nikajishika kinywa. Luqmani yeye akaangua kicheko, kicheko cha mtu aliyepata mlango wa kutokea.

"Haya sasa, msomi wetu. Niambie. Mtu mwenye akili timamu, katika lukolo yetu, ukoo wetu huu, abebe jiwe kutoka Ugogo alilete Uluguru? Mlima mzima huu ni mawe! Mtoni mawe, shambani mawe, hata choo changu kimeshindikana kuchimbwa kwa mawe. Nani abebe jiwe kuja huku?"

Zawadi akatikisa kichwa. "Hilo punje hazisemi, mjomba. Mimi sijui."

Nami nilikuwa nalitazama jiwe, na pembe yake ile iliyovunjika, mpya, ya waridi. Lina tumbo lililochimbika katikati kwa kusagiwa. Nilikuwa nadhani tumbo lile ni kazi yetu, mimi na mama na bibi. Sasa nikaona haliwezi kuwa letu tu. Kuna aliyelisagia kabla, huko, na siku moja akalibeba. Njaa ilimtoa, au vita, au mume. Sijui, na sasa nimekubali kutojua. Lakini angekuwa anajua anakuja huku, kwenye mito iliyojaa mawe, angelibwaga njiani siku ya kwanza.

"Hakujua anakokwenda," nikasema.

"Nini?" Luqmani akauliza.

"Hakujua anakokwenda, Luqmani. Hakujua kama huko kuna mawe. Alijua tu kuwa popote atakapofika, watoto watataka kula."

Luqmani akaacha kucheka. Zawadi akaweka kikombe chini.

Nikasokota kanga yangu ikawa ngata, nikaiweka kichwani, nikawaambia wanitwishe. Walibisha, nikawafokea, wakanitwisha. Shingo ikazama mabegani. Nilipita kibarazani, nikapita kwenye migomba, nikashika njia ya kwenda barabarani, Zawadi nyuma yangu mikono amenyoosha kama anayemfundisha mtoto kutembea. Barabara naiona pale, mwendo wa kupiga kelele ukasikika. Sikufika. Magoti yalikataa kwenye mkarafuu wa jirani, nikasimama hapo jasho linanitiririka machoni, nikiwaza kutoka Ugogo, kutoka Ugogo hadi hapa, na pengine mtoto mgongoni.

"Mama mkubwa, inatosha," Zawadi akaniambia.

Nikaanza kulia, jiwe likiwa kichwani, na sikujua namlilia nani, yule aliyekuja nalo au huyu aliyekosa safari yake kwa sababu ya jiwe hilo. Luqmani ndiye aliyekuja kunitua. Alilipokea kwa mikono miwili, akaliweka begani, akarudi nalo nyumbani.